Nabothi Hakumtukana Mfalme

Waumini wanaousoma ukurasa huu wanakijua kisa cha Nabothi wa Yezreeli tangu utotoni mwao. Sisi tuliozeekea kwenye madawati ya korti hukisoma kwa jicho jingine, kwa kuwa kwetu sisi kile ni kisa cha kesi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake, na mwenyewe akakataa kuliuza kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hakutuma askari kwenda kulinyakua. Alituma barua zenye muhuri wa mfalme kwa wazee wa mji, akaagiza watu watangaziwe mfungo, Nabothi aketishwe mahali pa mbele, na watu wawili wasio na haya wakae mkabala naye, wamshuhudie kwamba amemlaani Mungu na mfalme. Wazee wakatenda kama walivyoagizwa. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe hata akafa. Ndipo Ahabu akashuka kwenda kulimiliki shamba.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi mashtaka yale yalivyopangwa. Palikuwa na barua, muhuri, baraza la wazee, mashahidi wawili kama torati ilivyotaka, na juu ya yote hayo ibada. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Hakuna mahali popote katika habari ile tunapoambiwa Nabothi alitamka maneno gani, wala hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu tunawaandikia watu wa Kitale na Bungoma, ambao kwao neno shamba halihitaji ufafanuzi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliyataja mashamba ya ADC miongoni mwa ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na mkazi yeyote wa Trans Nzoia anaweza kukuonyesha kwa kidole mashamba ambayo hadi leo yanazozaniwa. Mwananchi anayesimama katika baraza na kuuliza ardhi fulani ilimfikiaje mtu fulani haambiwi kwamba swali lake halina msingi. Huambiwa kwamba amemkosea mkubwa adabu na kwamba anavuruga amani. Kosa la ulimi ndilo mlango rahisi wa kuingilia katika shamba la mtu, na pia katika hazina ya umma, katika basari za watoto wa maskini na katika sanduku la kura. Ndiyo maana watawala wa kila rangi wamelipenda kosa hilo.

Kwa lugha ya sheria lilikuwa likiitwa uchochezi. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika katika koloni la Kenya mwaka 1930, na katika sura ya vifungu vilivyokuja kujulikana kwa nambari 56, 57 na 58, ilikuwa kosa kutamka, kuchapisha, au hata kukutwa na maandishi yanayokusudia kuleta chuki au dharau dhidi ya mtawala na serikali yake. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, jina la mtawala wa Uingereza liliondolewa katika sura hiyo na la mtawala mpya likawekwa pale pale. Mengine yaliachwa. Mshtakiwa hakuokolewa na kuthibitisha kwamba alilosema ni kweli. Kilichopimwa ni nia, na nia yake ilisomwa na wale wale waliochukizwa.

Bungoma ilizionja sheria za namna hiyo mapema. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyepata kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage, aligeuka kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa na kuanza kuwahimiza watu wakatae amri za wakoloni. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alitoka mwaka 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake kule Malakisi, watu 11 wakauawa, na mwaka huo huo dini yao ikapigwa marufuku na yeye mwenyewe akahamishiwa Lamu, asirudi nyumbani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ungedhani serikali ya Waafrika ingempa kiti cha mbele. Iliipiga marufuku dini hiyo tena mwaka 1968, na mzee akaijua jela ya ndugu zake kama alivyoijua ya wageni. Alifariki mwaka 1987.

Tunajua kwamba kumtaja Masinde mbele ya kusanyiko la waumini wa Misikhu au Lugulu si jambo jepesi. Aliwakana wamishenari, na wafuasi wake walilaumiwa kwa kuchoma majengo ya misheni. Sisi hatumtetei anayechoma kanisa, wala hatujui sheria yoyote ya haki itakayomtetea. Lakini mchomaji ashtakiwe kwa kuchoma, kwa ushahidi wa moto na majivu. Serikali haikuishia hapo. Ilipiga marufuku imani nzima, na mtu aliyeimba na kuomba chini ya mti akawa mhalifu sawa na aliyeshika kiberiti. Baba na mama zetu wa makanisa makubwa, twasema kwa unyenyekevu, wengi wao walinyamaza. Walidhani marufuku ile ilikuwa ya watu wengine. Miaka 20 baada ya amri ya 1968, zamu ikafika kwao.

Kabla hatujafika huko, tukumbuke mwaka 1975, kwa sababu ni mwaka ambao watu wa upande wetu walisimama wima. Josiah Mwangi Kariuki aliuawa mwezi Machi. Kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo iliongozwa na Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. (Kwamba Mwangale huyo huyo baadaye alikuwa nguzo ya chama tawala, hadi wapiga kura wa Kimilili walipomwangusha mwaka 1992, ni habari nyingine, nayo inafundisha mengi.) Ripoti ilipoletwa mbele ya Bunge, Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, aliipigia kura ya ndiyo na kwa kura hiyo akapoteza uwaziri. Mwezi Oktoba mwaka huo Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanaojaribu kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akajibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa katika viwanja vya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi mwaka 1978. Ikiwa mbunge na Naibu Spika walishikwa kwa maneno yaliyotamkwa ndani ya ukumbi ambao sheria yenyewe inaulinda, sembuse mkulima aliyetamka lake katika soko la Chwele?

Miaka ya 1980 iliyafanya mashtaka haya kuwa kazi ya kila siku. Mwalimu wa chuo kikuu Maina wa Kinyatti alifungwa miaka 6 mwaka 1982 kwa kukutwa na maandishi. Mwaka 1986, katika msako wa Mwakenya, washtakiwa waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakapelekwa mbele ya hakimu, aghalabu bila wakili na baada ya saa za kawaida za korti, wakakiri kwa dakika chache na kuhukumiwa. Wengi wetu katika ofisi hii tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka tu kwamba redio ilipoanza kusoma habari, wazee walishusha sauti zao hata ndani ya nyumba zao wenyewe.

Ndipo zamu ya makanisa ikafika. Gazeti la Baraza la Makanisa, Beyond, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuandika juu ya udanganyifu katika uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akashtakiwa kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya gazeti. Angalieni hila hiyo: mtu aliandika juu ya kura, akashtakiwa juu ya hesabu. Siku ya Mwaka Mpya 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba upepo ulioziangusha serikali za chama kimoja Ulaya Mashariki ungefika Afrika, na siku zilizofuata mawaziri wakashindana kudai achukuliwe hatua. Mwezi Machi mwaka huo Mchungaji Lawford Imunde alifungwa miaka 6 kwa uchochezi. Maandishi yaliyomtia hatiani ni yale aliyokuwa akiyaandika katika kalenda yake ya mezani. Hakuyachapisha wala hakuyasambaza. Alijiandikia. Dola iliyofikia hatua ya kuogopa kalenda ya mchungaji ilikuwa imekwisha kujihukumu, ingawa ilichukua muda kulijua hilo.

Na Askofu Alexander Muge wa Eldoret? Mwezi Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Tarehe 14 askofu alikwenda, akahubiri, na katika safari ya kurudi gari lake likagongana na lori kule Kipkaren, akafa papo hapo. Waziri alijiuzulu. Miaka 2 baadaye, siku hiyo hiyo ya 14 Agosti, mwaka 1992, Masinde Muliro alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi aliporejea kutoka London, miezi minane tu baada ya kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kufutwa. Trans Nzoia inayo sababu mbili za kuikumbuka tarehe hiyo.

Kuja kwa vyama vingi hakukuifuta sheria ya uchochezi mara moja. Wahariri wa majarida waliendelea kukokotwa kortini, na mikutano iliendelea kuhitaji leseni ya mkuu wa wilaya. Mwishoni mwa mwaka 1997 tu, kwa shinikizo la maandamano yaliyomwaga damu na mapatano ya vyama bungeni, ndipo vifungu vya uchochezi vilipofutwa na leseni ya mikutano ikageuzwa kuwa taarifa kwa polisi. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikaweka kifungu cha 33: kila mtu ana uhuru wa kujieleza. Mipaka yake imeandikwa humo humo, nayo ni propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na uhamasishaji wa chuki dhidi ya makundi ya watu. Kumchukiza rais hakumo katika orodha hiyo. Tumeisoma mara nyingi.

Lakini shoka lilipochukuliwa, mpini ulibaki. Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kimelala pale tangu enzi za ukoloni, kikimtia hatiani anayetamka au kuchapisha neno la kuidharaulisha mamlaka ya afisa wa umma, na mzigo wa kujitetea kikamtwika mshtakiwa. Mwanablogu Robert Alai alishtakiwa kwacho Desemba 2014 kwa kuandika kwamba rais wa wakati huo ni kama kijana asiyekomaa. Majuma machache baadaye mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, aliyekuwa ameandika maneno makali juu ya rais katika Facebook, alikamatwa Malaba, mwendo mfupi tu kutoka Bungoma, akielekea Uganda. Mwanzoni mwa Januari 2015 alikiri mashtaka ya matamshi ya chuki na ya kudhoofisha mamlaka, akahukumiwa miaka 2. Alai alikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita akakitangaza kifungu cha 132 kuwa kinyume cha Katiba. Mwezi Februari mwaka huo Jaji John Mativo alikuwa ameliondoa kosa la jinai la kumkashifu mtu, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikuwa amekibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichomwadhibu anayetumia simu kutuma ujumbe wa kuudhi. Kwa muda wa mwaka mmoja nguzo tatu zilianguka. Waliozisukuma hawakuwa wanasiasa. Walikuwa raia walioshtakiwa wakakataa kukiri.

Mwezi Mei 2018 Bunge na rais wakajenga nyingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni iliweka, katika vifungu vya 22 na 23, adhabu kwa anayechapisha habari za uongo. Faini ilifikia shilingi milioni 5, na kifungo chini ya kifungu cha 23 kilifikia miaka 10. Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za sheria hiyo mara tu ilipopitishwa, kisha Februari 2020 ikaamua kwamba haikuvunja Katiba. Msomaji apime mwenyewe tofauti kati ya kifungu kinachomwadhibu anayesambaza uongo na mamlaka ya polisi kuamua, kabla ya hakimu yeyote kusikia lolote, kwamba lililosemwa ni uongo.

Mwaka 2025 ulituonyesha jambo hilo bila pazia. Ijumaa tarehe 30 Mei polisi walimkamata Rose Njeri, mtaalamu wa programu za kompyuta. Alikuwa ametengeneza tovuti iliyowawezesha wananchi kuwatumia wabunge barua ya kuupinga Mswada wa Fedha. Siku ya Madaraka iliangukia Jumapili, hivyo Jumatatu ilikuwa sikukuu, naye akalala seli usiku nne kabla ya kufikishwa kortini Jumanne tarehe 3 Juni. Tarehe 20 Juni hakimu aliyatupa mashtaka kwa sababu hayakuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Alirudi nyumbani. Mwalimu Albert Ojwang hakurudi. Alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni kwa maandishi ya mtandaoni yaliyodaiwa kumchafulia jina naibu mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na tarehe 8 akawa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa daktari ulipata majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo ambazo mtu hawezi kujitia mwenyewe, na maafisa kadhaa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Hatuzungumzi hapa juu ya mwaka 1986. Watu wenye simu mifukoni, katika nchi yenye kifungu cha 33, waliona mtu akitolewa nyumbani kwa wazazi wake kwa sababu ya maneno na kurudishwa ndani ya jeneza.

Wazee wetu wa kanisa hutuuliza swali ambalo hatutaki kulikwepa. Je, mnawatetea hata vijana wanaomtukana rais matusi ya nguoni, wanaomchora akiwa ndani ya jeneza? Mbona Warumi sura ya 13 inatuagiza kuzitii mamlaka? Mbona mila zetu, za Babukusu, Wateso na Wasabaoti sawasawa, hazimruhusu kijana kumfokea mzee?

Tunakiri kwamba baadhi ya yaliyoandikwa na kuchorwa katika miaka hii miwili hatungependa kuyaona katika simu za watoto wetu wenyewe. Mama anayo haki ya kumkemea mwanawe, na mchungaji kumwita ofisini. Kiongozi aliyesingiziwa wizi ambao hakuutenda anaweza kwenda katika korti ya madai kama mwananchi mwingine yeyote, adai fidia, na aulizwe maswali kizimbani kama mwananchi mwingine yeyote. Huenda hilo la mwisho ndilo linalowafanya wengi wao wapende zaidi njia ya polisi. Lakini kukosa adabu ni jambo moja na kosa la jinai ni jambo jingine, na anayeukabidhi ulezi wa watoto kwa kituo cha polisi asishangae wakirudishwa wakiwa na majeraha. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Kila mtu hutupa takataka zake hapo, na jalala likikataa limekwisha kuacha kuwa jalala. Aliyeomba kura zetu aliyaomba na malalamiko yetu.

Tena tusiisome sura ya 13 peke yake. Nathani alimwendea Daudi na kumwambia usoni kwamba yeye ndiye mwizi na mwuaji, na Daudi, pamoja na maovu yake yote, hakumshtaki. Amosi alipotangaza hukumu juu ya nyumba ya Yeroboamu, kuhani Amazia alimpelekea mfalme habari kwamba mtu huyu amefanya fitina na kwamba nchi haiwezi kuyastahimili maneno yake. Wakili yeyote aliyepata kusoma hati ya mashtaka ya uchochezi ataitambua lugha ile. Na linalotuumiza ni kwamba mshitaki yule alikuwa mtu wa hekalu. Tunawasihi makuhani wa leo, wanaopewa kipaza sauti mbele ya wakubwa kila Jumapili, waitazame sura ya 7 ya Amosi kabla ya kuwaita vijana wetu maadui wa amani.

Jirani zetu wanatufundisha kwamba hukumu nzuri peke yake haitoshi. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria ya uchochezi mwezi Agosti 2010 katika kesi iliyoletwa na mwandishi wa habari Andrew Mwenda, na wengi wetu tulishangilia. Mwezi Julai 2024 korti moja ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 miaka 6 kwa video za kumtukana rais na jamaa zake, chini ya sheria ya kompyuta. Mwezi huo huo mchoraji mmoja kusini mwa Tanzania aliyechoma picha ya rais alihukumiwa miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5. Wananchi walichangishana wakamlipia, akatoka. Haukupita muda jamaa zake wakaripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Mbinu huvuka Suam na Lwakhakha bila kuulizwa pasipoti.

Hapa kwetu, hata hivyo, mwananchi wa kawaida hashtakiwi kwa sheria kubwa zenye majina marefu. Kila wakili wa Kitale na Bungoma anamjua mteja wa aina hii. Aliuliza katika baraza la chifu fedha za basari zimekwenda wapi, au alimzomea mwanasiasa mazishini, na hati ya mashtaka inasema alizua fujo kwa namna iliyoelekea kuvunja amani, kinyume cha kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu. Mambo mawili yanapaswa kujulikana katika kila parokia na kila tawi la harakati. Kwanza, adhabu ya kifungu hicho haizidi miezi 6, na kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Mkiambiwa arudi rumande kwa kuwa hana mdhamini, simameni mkitaje kifungu hicho kwa nambari, hata kama hamna wakili, hakimu atasikiliza. Pili, kifungu cha 134 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka hati ya mashtaka itoe maelezo ya kutosha mshtakiwa ajue anatuhumiwa nini. Ikiwa kosa ni maneno, ombeni maneno yenyewe yaandikwe, kama yalivyotamkwa na kwa lugha iliyotumika, iwe Lubukusu, Kiswahili au Sabaoti. Mashtaka mengi ya namna hii hufa hapo hapo, kwa kuwa maneno yakisomwa kwa sauti mbele ya watu, kila mtu husikia kwamba lilikuwa swali.

Jihadharini na Ijumaa jioni. Katiba inataka mtu afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, lakini saa hizo zikiishia nje ya siku za korti, anangoja siku ya korti inayofuata. Anayetaka kumtisha mtu bila kesi huchagua Ijumaa, na ikiwezekana Ijumaa inayotangulia sikukuu. Kwa hiyo kila kanisa lililo tayari kushirikiana nasi tunaliomba liteue watu watatu ambao simu zao hazizimwi mwisho wa juma. Kazi yao ni kufika kituoni, kutaja jina la aliyeshikwa, kuomba nambari ya OB, kuandika saa na jina la afisa wa zamu, na kutoondoka mpaka wamwone mtu wao kwa macho. Ojwang alisafirishwa mamia ya kilomita kutoka kituo kilicho karibu na kwao. Pale mnapoona mshukiwa anapakiwa gari kwenda wilaya nyingine, piga simu kwa wakili papo hapo, na gari lenu lifuate.

Kuhusu dhamana tunajua ugumu wake. Hatimiliki ya shamba ndiyo mali pekee ya familia nyingi za Kiminini, Endebess, Kimilili na Webuye, na baada ya yote tuliyoyaandika juu ya Nabothi hatuwezi kumlaumu mtu anayesita kuiacha mezani pa karani. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park kwa virungu na mabomu ya machozi, kanisa kuu la All Saints liliwafungulia mlango wakakaa humo miezi mingi, hadi wana wao wakaachiliwa. Kanisa halikuwa na jeshi. Lilikuwa na chumba cha chini na msimamizi aliyekataa kuwafukuza. Makanisa ya kwetu yana mashamba, shule na magari yenye vitabu vya usajili. Tunaomba mabaraza ya parokia na vikao vya wazee vijadili, kabla ya Pasaka, kama kanisa lenyewe linaweza kusimama mdhamini wa muumini aliyeshtakiwa kwa maneno yake, awe ni wa dhehebu lao au si wao. Majibu tutayapokea hata yakiwa ya kukataa, tutayachapisha yote.

Watakaohudhuria kesi wafike mapema. Korti huanza saa tatu, mabenchi hujaa kabla ya hapo, na mshtakiwa anapopandishwa kizimbani jambo la kwanza analolifanya ni kutazama nyuma kuona nani amekuja.